Ubao Uliolala Kifudifudi

Ubao uliomuua muuguzi ulikuwa umelazwa juu ya meza katika stoo ya kituo cha polisi, kati ya baiskeli isiyo na mwenyewe na gunia la viatu vya wizi. Shangazi alikuwa ameuinamia tangu saa mbili asubuhi, na chai yake ilikuwa imepoa hadi ikafanya utando.

Kwenye barua za kazi aliitwa Sajini. Kwingine kote aliitwa Shangazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuhoji watu kama shangazi aliyekuja kukaa wiki mbili: taratibu, huku anatafuna kitu, akirudia swali lile lile mpaka mtu aone haya kuendelea kudanganya. Hata wezi walimwita hivyo, na baadhi yao walimwamkia wakipishana naye barabarani.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na ndiyo maana ilimkera. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, muuguzi wa zahanati alikuwa anavuka daraja la miguu kwenda kazini. Ubao mmoja ukapinduka chini ya mguu wake, akaanguka mita tisa hadi kwenye mawe ya korongo. Daraja lilikuwa na wiki tatu tu. Wakazi walilijenga kwa michango yao wenyewe, baada ya kuahidiwa daraja kwa miaka kumi na moja na wakubwa waliokuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kila kaya ilichangia ubao mmoja, na kila ubao uliandikwa jina la mwenye kaya kwa chuma cha moto. Mbao themanini, majina themanini.

Ubao uliopinduka ulikuwa wa hamsini na saba. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la baba yake mzazi muuguzi huyo, na mtaa mzima ulishika tama kwa bahati mbaya ya namna hiyo.

Fundi seremala aliyezifunga mbao alikuwa mahabusu tangu Jumatatu mchana. Jioni yake karakana yake ikachomwa moto. Leo ilikuwa Jumatano, na kesho saa tatu asubuhi fundi alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa kosa la kuua.

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni. "Ubao umesema nini?"

"Umesema mengi kuliko fundi."

"Fundi hajasema kitu."

"Ndiyo nakuambia."

Mkuu hakucheka. "Una mpaka kesho saa tatu, Shangazi. Wale watu wameshaonja moto. Nikimwachia bila kuwapa sababu wanayoielewa, watamchoma na yeye."

Alipoondoka, Shangazi alifungua faili. Ushahidi dhidi ya fundi ulikuwa wa mambo matatu. Bolti nne za ubao ule hazikuonekana, si darajani, si korongoni. Katika sanduku la zana la fundi, lililookolewa na jirani kabla ya moto, spana zote zilikuwepo isipokuwa namba kumi na saba, ambayo ndiyo inayofungua nati za daraja. Na fundi mwenyewe alikuwa amefunga mdomo kama aliyekula kiapo. Kwa hiyo askari waliomkamata waliandika kwamba aliiba bolti akauze, kisha akaitupa spana.

Shangazi alikuwa na mambo mawili ambayo hayakukaa vizuri na hayo. La kwanza, simu ya marehemu iliokotwa kwenye mawe tochi yake ikiwa bado inawaka. Mtu mwenye taa mkononi hakanyagi pengo, kwa hiyo pengo halikuwepo. Ubao ulikuwepo mahali pake, umelala tu bila kufungwa.

La pili lilikuwa mbele ya macho yake sasa hivi. Viatu vya kazi vya muuguzi vilikuwa vimepakwa dawa nyeupe ya viatu, na alama ya dawa hiyo, upana wa vidole vitatu, ilikuwa imekwaruza ubao katikati ya herufi za jina la baba yake. Aliukanyaga upande wa jina.

Aliugeuza. Upande wa pili, usio na maandishi, ulikuwa umechakaa kwa tope kavu na nyayo za wiki tatu. Upande wa jina ulikuwa safi kama umetoka jana kwa fundi, isipokuwa ile alama moja.

"Hebu nitafutieni watu wawili wa kubeba," aliita. "Na bolti nne mpya."

*

Mwenyekiti wa kamati ya daraja aliwasubiri penye kamba ya polisi, kofia kwapani, uso wa msiba. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya umeme, mtu wa kuongea sana, na kila alipoongea na askari aliongea kama anayehutubia.

"Huu ni wangu," alisema, akionyesha ubao wa kwanza kabisa, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Shangazi aliingia darajani polepole akisoma majina. Wa tisa, wa kumi. Wa kumi na mbili ulikuwa wa marehemu mwenyewe. Kisha akafika kwenye ubao usio na jina. Akaendelea mbele, akakuta mwingine.

"Hizi hazina wenyewe?"

Mwenyekiti alikohoa. "Zina wenyewe. Ila wenyewe hawajamaliza kuchanga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jina linalala chini. Mtu akimaliza, ubao unageuzwa. Ni utaratibu uliopitishwa na kamati."

"Lilikuwa wazo la nani?"

"La kamati."

"Kamati ina vichwa saba. Nauliza kichwa kipi."

Mwenyekiti aliivaa kofia, akaivua. "Shangazi, michango ilikuwa imekwama. Watu walinyoosha mikono kwenye mkutano, wakapigiwa makofi, wakapotea. Tulipotangaza utaratibu huu, kumi na tisa walimaliza ndani ya wiki moja. Ukitaka ukweli, daraja hili lina aibu nyingi kuliko saruji. Lakini limesimama, watu wanavuka."

"Na waliobaki?"

"Watano tu."

"Mtaani wanaitwaje?"

Mwenyekiti aligeukia korongo. Mmoja wa askari waliobeba ubao, aliyeishi mtaa huo, alijibu kwa niaba yake akiangalia viatu vyake. "Wanaitwa Kifudifudi. Mtu akipita dukani wanamuuliza, Kifudifudi, umelalaje?"

"Utani tu," Mwenyekiti alisema.

"Wa hamsini na saba ulikuwa umelala vipi?"

"Kifudifudi. Mzee yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono siku ile, akaahidi kuliko wote. Halafu macho yakamwishia, cherehani ikamshinda. Tulimwonea huruma, lakini sheria ni sheria. Ungemwacha yeye, wengine wangesemaje? Na Jumamosi hii tuna ufunguzi, wanakuja hata wale waliotuchangia kwa simu kutoka mbali." Aliinamisha kichwa. "Tulikuwa tuna ufunguzi. Yule fundi alichagua ubao wa Kifudifudi kwa makusudi, alijua hakuna atakayeulilia."

Walifika kwenye pengo. Chini, mawe yalikuwa yameoshwa lakini si vizuri. Shangazi aliyatazama kwa muda mfupi, kwa sababu alikuwa amemwona muuguzi yule akiwa hai: ndiye aliyemchoma sindano ya pepopunda mwaka jana na kumwambia asikaze mkono. Hakutaka kusimama hapo akikumbuka sauti yake.

"Fundi alitoboaje matundu ya bolti?"

"Palepale. Aliulaza ubao mahali pake, akatoboa ubao na chuma chake kwa pamoja. Mmoja mmoja. Nilimwambia anachelewesha."

"Ulazeni kama ulivyokuwa," Shangazi aliwaambia askari. "Jina chini."

Ubao uliingia kwenye pengo. Bolti nne zilishuka kwenye matundu manne bila ubishi wowote.

"Sasa ugeuzeni. Jina juu."

Bolti ya kwanza ilishuka. Ya pili iligota kwenye chuma. Ya tatu na ya nne pia. Waliusogeza huku, wakausogeza kule, wakaugeuza kichwa kuwa miguu. Hakukuwa na namna ambayo matundu manne yangekutana na matundu manne.

Shangazi aliweka mguu kwenye ncha ya ubao, akakandamiza kidogo tu. Ncha ya pili iliinuka kama mfuniko wa sanduku.

Mwenyekiti alirudi nyuma hatua mbili.

"Ulikuwa jina juu alipoukanyaga," Shangazi alisema. "Dawa ya kiatu iko kwenye herufi. Mtu aliufungua, akaugeuza, bolti zikamkatalia, akauacha umelala hivihivi. Sasa niambie. Ni nani katika mtaa huu aliyejua kwa hakika kwamba ubao haugeuki bila kutobolewa upya?"

Mwenyekiti aliigeuza kofia mikononi.

"Fundi," Shangazi alijibu mwenyewe. "Ndiye aliyetoboa. Na mwizi wa bolti anaondoka na bolti, hageuzi ubao."

"Basi ni nani? Nani angetaka..." Mwenyekiti aliishia hapo. Macho yake yalikuwa yameanguka kwenye herufi.

Shangazi aliwaashiria askari wauinue ubao. Alikuwa na jibu tangu bolti ya pili ilipogota, na hakulipenda.

*

Mweka hazina wa kamati alikuwa mama wa makamo aliyechaji simu za watu kwenye kibanda karibu na kisima. Shangazi alimwekea mbele mfuko wa plastiki wenye karatasi moja. Orodha ya vitu alivyokutwa navyo marehemu iliitaja kwa maneno manne, baina ya funguo mbili na kitambaa: stakabadhi ya kamati, moja. Aliyeandika aliona stakabadhi, akadhani marehemu alikuwa ametunza ya ubao wake mwenyewe. Shangazi naye alidhani hivyo, mpaka alipoisoma namba akiwa ndani ya gari, akajitukana kimoyomoyo.

"Hii uliandika wewe?"

Mama yule aliitazama, akakaa chini. "Mimi. Jumapili, saa mbili usiku. Alilipa pesa yote iliyobaki kwenye ubao wa baba yake."

"Baba alijua?"

"Hata kidogo. Alinishika mkono, akasema, mama, usimwambie mtu. Alitaka Jumatatu saa kumi jioni amchukue mzee kama wanakwenda matembezi, amfikishe darajani, amkute fundi na drili yake, ubao ugeuzwe mzee akiwa anaangalia. Fundi tungemwambia asubuhi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yeye Jumatatu huingia zamu ya mchana. Akabadilishana na mwenzake, aingie alfajiri, ili jioni awe huru."

Shangazi aliacha kuandika. "Kwa hiyo siku nyingine angevuka mchana."

"Saa saba. Kweupe kabisa."

"Mbona hukutuambia haya yote?"

"Askari aliyekuja aliniuliza bolti zilinunuliwa bei gani," mama yule alisema. "Nikamwambia bei ya bolti."

*

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake mikubwa imelala juu ya magoti. Shangazi alimpa mkate na chai, akavuta kiti, akaanza kula kipande chake mwenyewe.

"Spana yako namba kumi na saba ulimwazima Mzee, baba wa marehemu," alisema.

Fundi alitafuna. Hakuinua macho.

"Jumapili, kabla jua halijazama. Alikuambia ya nini?"

Fundi alichovya mkate kwenye chai.

"Nimeulaza ubao pale darajani, mwanangu. Nimeulaza kote kuwili. Huhitaji kunificha."

Fundi aliweka kikombe chini taratibu. Sauti yake ilitoka imekwaruza kwa siku tatu za kutotumika. "Alisema cherehani imelegea."

"Ukaamini?"

"Cherehani haina nati ya kumi na saba." Alijipangusa mdomo. "Nilidhani atauza bolti moja mbili. Nikasema potelea mbali, nitaziba. Jumatatu waliponiambia ni ubao gani, nikajua. Na nilijua kosa ni langu pia. Ningemuuliza, Mzee, unataka kugeuza? Ningekwenda na drili, dakika kumi tu. Sikumuuliza kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake."

"Kesho wanakusomea kuua. Karakana imekwisha majivu. Mkeo yuko kwa dada yake, anaogopa hata kwenda sokoni. Na wewe umekaa hapa unatunza siri?"

"Alinishonea sare za shule miaka saba," fundi alisema. "Mama yangu hakuwa na kitu. Kila mwaka mzee ananiita, ananipima, ananiambia umerefuka, mjinga wewe, unanimalizia kitambaa. Halafu nisimame nimwambie mbele ya watu kwamba amemuua mwanawe? Jana tu amemzika." Alimtazama Shangazi kwa mara ya kwanza. "Mimi siwezi. Wewe kama unaweza, nenda."

Shangazi hakuweza. Lakini alisimama, akakung'uta makombo kwenye sketi yake, akaenda.

*

Waombolezaji walikuwa wamepungua. Wanawake watatu walikuwa wanakunja mikeka uani, na walipomwona Shangazi mmoja wao alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yule muuaji anyongwe tu, mahakama ya nini. Shangazi alivua viatu, akaingia.

Mzee alikuwa amekaa peke yake chumbani, karibu na cherehani iliyofunikwa shuka. Alikuwa mwembamba, nadhifu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Macho yake yalikuwa na ukungu, na alimgeuzia mgeni sikio kabla ya uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Shangazi wa polisi."

"Ndiyo mimi."

"Nimekusubiri tangu Jumatatu," alisema. "Umechelewa."

Aliinama, akatoa kopo la vifungo chini ya cherehani. Alilimimina juu ya shuka. Katikati ya vifungo vya kila rangi zilianguka bolti nne na nati zake nne, na mwisho spana, yenye alama ya fundi kwenye mpini.

"Waambie wamtoe yule kijana."

"Mbona hukuja mwenyewe?"

"Nilikuja. Jumatatu jioni nilifika mpaka kwenye geti lenu. Watu wakanizunguka, wakanishika mabega, wakasema mzee usijali, tumeshamchomea karakana. Wakanirudisha nyumbani." Alizikusanya nati kwa vidole, akazipanga mbili mbili. "Jana mbele ya kaburi nilitaka kusema. Ulimi ukawa mzito. Mimi ni mwoga, Shangazi. Andika hivyo."

Shangazi hakuandika. "Nieleze Jumapili."

"Nililala pale darajani, tumbo chini, mkono huu nimeupitisha pembeni natafuta nati kwa kupapasa. Nikacheka peke yangu. Nikasema, sasa kweli ni Kifudifudi." Hakuwa anacheka. "Zilifunguka vizuri. Nikaugeuza. Nikapapasa jina langu, liko juu. Sikuwa nimelipa, najua. Nilitaka Jumamosi ile tu, wageni wapite, mwanangu apite na wenzake, asikanyage ubao mtupu mahali palipo na baba yake. Jumapili ya pili ningeurudisha. Bolti zikakataa. Giza likaingia, sioni hata mkono wangu. Nikasema nitamwamsha fundi alfajiri, nimwangukie miguuni, aje na drili kabla watu hawajaanza kuvuka."

"Na binti yako?"

"Yeye huvuka saa saba." Alizipanga upya nati. "Nilisikia mlango wa nyumba yake, ng'ambo ya ua. Nilikuwa macho. Nikadhani anakwenda uani, nikajigeuza upande wa pili. Kwa nini alitoka saa ile? Wote wanaonihani nawauliza, hakuna anayejua. Zahanati wanasema aliomba mwenyewe. Aliomba kwa nini?"

Hilo ndilo Shangazi aliloliogopa njia nzima. Stakabadhi ilikuwa mfukoni mwake. Angeweza kuiacha humo. Lakini ilikuwa kielelezo, ingesomwa mahakamani kwa sauti ya karani asiyemjua mtu, na yeye aliona afadhali mzee aisikie hapa, karibu na cherehani yake, kutoka kwa mtu aliyevua viatu.

Aliitoa, akamsomea. Namba ya ubao. Tarehe ya Jumapili. Kisha maneno ambayo mweka hazina aliyaongeza chini kwa mkono: amemaliza binti yake, ubao ugeuzwe kesho saa kumi jioni.

Akamweleza habari ya zamu.

Mzee hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akaipokea karatasi ndani ya plastiki yake, akaipapasa kingo zote nne kama anayepima kitambaa, akamrudishia. Uani mwanamke mmoja alikuwa anaosha masufuria.

"Saa kumi jioni," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Angenishika mkono. Pale kwenye ngazi za daraja hunishika mkono kila siku."

Shangazi aliirudisha stakabadhi mfukoni. Alisimama kwa sababu kazi ilimtaka asimame, akamsaidia mzee kuvaa makubazi, kushoto kisha kulia. Mzee alivitia vifungo vyote kwenye kopo, akalifunika, akaacha bolti na spana juu ya shuka kwa ajili ya askari. Alipofika mlangoni alisimama.

"Yule kijana analala kwake leo?"

"Leo. Nitawaambia watu mimi mwenyewe."

"Na ubao uko wapi?"

"Kituoni. Mezani."

"Jina liko juu au chini?"

Shangazi aliukumbuka alivyouacha, na herufi zake, na ile alama nyeupe. "Juu, baba."

Mzee alitikisa kichwa, akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wa Shangazi.

"Tukifika," alisema, "ugeuzeni."